Koo la Mwimbaji na Tarumbeta la Askari: Historia ya Jazz Ikitazamwa kutoka Isiolo

Isiolo ni mji wa njia panda. Kusini kuna Meru na Nanyuki na barabara ya kwenda Nairobi. Kaskazini lami inapita Marsabit hadi Moyale, kisha inaendelea hadi Addis Ababa. Mashariki kuna Garba Tula, na mbele yake nchi ya Wasomali. Sokoni mtu husikia Kiswahili, Kiborana, Kisomali, Kimeru, Kisamburu na Kiturkana kabla hajamaliza kununua sukari na majani. Anayetaka kuwajua waimbaji wakuu wa jazz wa upande huu wa dunia akisimama hapa ataona mengi. Historia hiyo kwa kawaida husimuliwa kutoka Nairobi au Dar es Salaam, na msimulizi huanza na magitaa. Kutoka Isiolo inaonekana kama nyumba yenye milango mitatu: wa kusini unafunguka kwenye bendi za dansi za Tanzania na Kenya, wa kaskazini kwenye kumbi za Addis Ababa, na wa mashariki kwenye redio za Hargeisa na Mogadishu.

Hoja ya makala haya ni moja. Ala zililetwa na majeshi, na nyimbo zikatawanywa na santuri na redio, lakini aliyeifanya jazz iwe mali yetu ni mwimbaji. Aliifanya hivyo kwa ustadi ambao watu wa milango yote mitatu walikuwa nao kabla saksafoni haijafika kwao, yaani ustadi wa kufumba maneno. Anayeanza kuusikiliza muziki huu, na hata shabiki wa miaka mingi, ataupata utamu wake mapema zaidi akiifuata sauti kwanza na gitaa baadaye.

Tarumbeta za askari, 1890–1945

Mwanzo wake uko pwani. Katika miaka ya 1890 vijana wa Lamu na Mombasa waliiga gwaride na tarumbeta za Wazungu, wakaunda ngoma ya mashindano iliyoitwa beni. Vyama vilijipa vyeo vya kijeshi, vikashona sare na kushindana kwa mavazi, kwa mchezo na kwa maneno. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaitoa beni pwani na kuipeleka bara, kwa kuwa askari na wapagazi waliibeba kila walikokwenda. Ndani ya beni tayari kulikuwa na kanuni itakayotawala historia yote inayofuata: tarumbeta liliwavuta watu uwanjani, lakini ushindi ulitokana na wimbo uliomchoma mpinzani bila kumtaja.

Isiolo yenyewe ilijengwa na vita hivyohivyo. Baada ya kumalizika, serikali ya kikoloni iliwaruhusu Wasomali waliolitumikia jeshi la Uingereza kukaa hapa na mifugo yao, na mji ukakua ukiwa kituo cha utawala wa Wilaya ya Mpakani Kaskazini, iliyojulikana kwa herufi zake za NFD. Kuanzia 1926 sheria ilizuia watu kuingia na kutoka wilayani humo bila kibali, na kizuizi cha Isiolo kikawa mpaka wa nchi mbili katika fikra za watu. Hata baada ya uhuru, msafiri aliyeelekea kusini alisema anakwenda Kenya.

Mwisho wa pili wa barabara, kule Ethiopia, tarumbeta nalo lilikuwa likiingia. Mwaka 1924, Ras Tafari, ambaye baadaye aliitwa Haile Selassie, aliwakuta mjini Jerusalem mayatima 40 wa Kiarmenia wenye bendi ya tarumbeta. Akawaleta Addis Ababa, na mwalimu wao, Kevork Nalbandian, akawa miongoni mwa walioweka msingi wa muziki wa kisasa wa Ethiopia. Tukitazama mbali zaidi, New Orleans, ambako jazz ilizaliwa, ulikuwa pia mji wa bendi za tarumbeta zilizopita mitaani, zikizika wafu kwa huzuni na kurudi kwa dansi. Basi jazz ya Marekani na ile ya kwetu hazikuachana sana kwa asili. Zote mbili zilichukua chombo cha gwaride, zikakifundisha kucheza.

Vita vya Pili vilikamilisha kazi hiyo. Barabara ya kaskazini ilipitisha majeshi yaliyopigana na Waitaliano mwaka 1940 na 1941, Moyale ikatekwa na kukombolewa. Jeshi la King's African Rifles likaunda kikosi cha burudani cha kuwatumbuiza askari hadi Asia. Miongoni mwa waliopita humo ni Fundi Konde, mzaliwa wa Kilifi, aliyerudi na kuwa mmoja wa Wakenya wa kwanza kurekodi kwa gitaa la umeme. Sifa hiyo ya gitaa imemfunika Konde mwenyewe. Sikiliza “Tausi Ndege Wangu” na “Majengo Siendi Tena”: sauti ni nyororo, haina haraka, na kila neno linatamkwa hadi mwisho wake. Ni mwimbaji anayetaka asikike maana, na gitaa linamngoja.

Santuri na redio, 1928–1963

Sauti ya kwanza kuu ya Kiswahili kwenye santuri haikuwa ya bendi. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi taarabu kwa Kiswahili, na santuri zake zikauzwa pwani nzima. Mtu anaweza kuuliza taarabu inaingiaje katika habari za jazz. Inaingia kwa sababu Siti aliwathibitishia wenye kampuni za santuri kwamba Mswahili atatoa fedha kumsikia mwimbaji wa lugha yake, na aliwaonyesha waimbaji waliomfuata jinsi ya kusema habari za mahakama, za dhuluma na za mapenzi kwa maneno yenye sitara. Shaaban Robert aliona maisha yake yanastahili kitabu, akamwandikia wasifu.

Mwaka 1933 kampuni ya HMV ilianza kuuza Afrika santuri za Kikuba zenye alama ya GV. Rumba hiyo iliwasisimua vijana wa mijini, ikawapa mdundo na hata majina. Dar es Salaam Jazz ilikuwa imekwisha kuundwa mwaka 1932, Morogoro Jazz ikafuata 1944, na mjini Morogoro huohuo Salum Abdallah akaanzisha mwaka 1948 bendi iliyokuja kuitwa Cuban Marimba. Salum ndiye mfano bora wa hoja yangu. Alichukua mdundo wa Kikuba karibu mzima, lakini ndani yake akaweka mashairi ya Kiswahili yenye vina, nasaha na mafumbo. Mtu akiwapa kisogo wacheza dansi na kusikiliza maneno tu, atajikuta barazani kwa washairi. Ajali ya barabarani ilimuua mwaka 1965, na Juma Kilaza akaiendeleza bendi.

Redio ilifanya ambalo santuri haikuweza. Santuri ilihitaji duka, na gari la mizigo lilihitaji kibali, lakini wimbi la redio halikusimama kwenye kizuizi cha Isiolo kuonyesha kipande. Upande wa Wasomali, mapinduzi yalianzia barabarani. Katikati ya miaka ya 1940 dereva wa lori aliyeitwa Abdi Sinimo alibuni mtindo mfupi wa nyimbo za mapenzi, belwo, uliokua na kuwa heello, na redio ikaueneza. Aliyeupa ala ni Abdullahi Qarshe, mpiga udi anayeitwa baba wa muziki wa Kisomali. Qarshe alizaliwa Moshi, Tanganyika, mwaka 1924. Mipaka tunayoiona leo kati ya muziki wa Waswahili na wa Wasomali ilichorwa baadaye.

Kufikia 1960 sauti za Kiafrika zilianza kwenda dunia nzima. Louis Armstrong alizuru bara letu mwaka huo, naye Miriam Makeba wa Afrika Kusini, aliyekomaa katika bendi za jazz za Johannesburg, alikuwa ameanza kuvuma Marekani. Mwanzoni mwa muongo huo Fadhili William alirekodi “Malaika” Nairobi. Utunzi wa wimbo huo una ubishi hadi leo, lakini uimbaji wake hauna. Makeba aliurekodi pamoja na Harry Belafonte katika albamu ya mwaka 1965 iliyopata tuzo ya Grammy. Zilinganishe sauti hizo. Fadhili anaimba kama kijana anayekiri umaskini wake kwa aibu. Makeba anauvuta kila mstari taratibu, na huzuni inakuwa ya mtu mzima. Wimbo ni uleule, ila umri wa maumivu ni mwingine. Anayetaka kujua mwimbaji hufanya nini na wimbo asioutunga aanze hapa.

Enzi ya bendi, 1964–1985

Uhuru uliipa bendi mwajiri mpya. Tanzania, mwaka 1964, chama cha wafanyakazi kiliunda NUTA Jazz, na mashirika mengine ya umma yakafuata. Mwanamuziki akawa mtu wa mshahara, ala zikawa mali ya shirika, na bendi zikadumu kwa miongo badala ya misimu. Lakini mwajiri alitaka nyimbo za siasa na za kujenga taifa, na wacheza dansi walitaka visa vya maisha. Waimbaji wakajifunza kuwaridhisha wote wawili kwa wimbo mmoja. Muhidin Gurumo, aliyeimba NUTA na kuhamia Mlimani Park ilipoundwa mwaka 1978, aliufikisha ufundi huo kileleni. Alishirikiana huko na Hassan Bitchuka, mwenye sauti ya juu isiyotetereka, na Cosmas Chidumule, mtunzi wa “Neema”, chini ya uongozi wa Michael Enoch.

Tazama hata majina ya nyimbo. “Mtoto Akililia Wembe” wa Mlimani Park na “Jogoo la Shamba” wa Mbaraka Mwinshehe ni nusu za methali. Mwimbaji anaacha nusu ya pili mdomoni mwa msikilizaji, naye anaimaliza mwenyewe na kujua nani anasemwa. Msikilizaji anakuwa mshiriki wa utunzi, na hiyo ndiyo sababu nyimbo hizo hazichoshi.

Mbaraka anastahili kusimama peke yake. Aliingia Morogoro Jazz akiwa kijana, akaenda nayo kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970, akaunda Super Volcano mwaka 1973, na akafa kwa ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979. Wengi humwita mfalme wa gitaa la solo, na watanipinga hapa kwamba gitaa ndilo lililomtukuza. Nakubali kwamba vidole vyake vilikuwa vya ajabu. Lakini wimbo wake uliouzwa sana ni “Shida”, na uliuzwa baada ya kifo chake kwa sababu watu walisikia ndani yake mtu mzima akisimulia dhiki bila kulia. Gitaa la Mbaraka huingia pale sauti inaponyamaza, likajibu kilichosemwa. Mwenye neno la kwanza ni sauti.

Marijani Rajabu, kijana wa Kariakoo aliyeitwa Jabali la Muziki, aliligeuza fumbo kuwa kisa. “Georgina”, “Zuwena” na “Mwanameka” ni majina ya wanawake, na kila wimbo ni hadithi inayotembea polepole kuelekea mwisho wake. Alifariki mwaka 1995, na watunzi wengi wa baadaye wa Dar es Salaam walipita katika njia aliyoifyeka.

Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Redio ya taifa ilirekodi nyimbo kwa ajili ya matangazo, lakini mwenye kutaka santuri sokoni alikuja Nairobi. Sababu hiyo ndogo ya kiwanda iliihamisha historia. Ndugu Wilson na George Peter Kinyonga walitoka Tanga, wakafika Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuunda bendi ya Simba Wanyika. Mwaka 1978 wenzao walijitenga wakaunda Les Wanyika, na “Sina Makosa” wao ukaimbwa kwa utulivu wa mtu anayejitetea mbele ya wazee, hukumu akiachiwa msikilizaji. Issa Juma alileta sauti nzito yenye mikwaruzo katika “Sigalame”. Kutoka Kongo, kupitia Uganda, alikuja Samba Mapangala na Orchestra Virunga, mwenye sauti angavu inayopanda bila jasho. Upande wa Ziwa, D. O. Misiani wa Shirati Jazz aliimba Kijaluo kwa visa na mifano ya wanyama, na zaidi ya mara moja alikamatwa kwa yale ambayo wakubwa walidhani amewasema. Polisi hawakamati gitaa. Walichokiogopa ni fumbo.

Milango ya kaskazini na mashariki, 1955–1991

Miaka ambayo Dar es Salaam ilikuwa ikicheza, Isiolo ilikuwa vitani. Vita vya shifta vya 1963 hadi 1967 na sheria za hali ya hatari zilizoendelea kwa miongo viliutenga ukanda huu na kusini. Ndiyo maana waandishi wa historia ya muziki wa Kenya huishia Mlima Kenya. Lakini lugha za watu hazikufungwa kwa sheria, na lugha hizo zilikuwa na waimbaji wakubwa.

Addis Ababa, bendi bora zilikuwa za jeshi na walinzi wa mfalme. Tilahun Gessesse, mwenye sauti iliyotikisika kama mtu anayezuia machozi, alikuwa nyota wa bendi ya walinzi. Walinzi hao walipojaribu kuipindua serikali mwezi Desemba 1960, naye alitiwa ndani. Mahmoud Ahmed alifuata katika bendi hiyo, na “Erè Mèla Mèla” wake wa mwaka 1975 ni somo la jinsi koo linavyoweza kupanda ngazi nyembamba za sauti bila kuanguka. Mulatu Astatke, aliyesoma muziki Uingereza na Marekani, aliziunganisha ngazi hizo na jazz waziwazi, na Duke Ellington alipofika Addis Ababa mwaka 1973 walikutana. Kwa msemaji wa Kiborana, hata hivyo, aliye karibu zaidi ni Ali Birra wa Dire Dawa, aliyefariki mwaka 2022. Aliimba Kioromo wakati lugha hiyo ilipobanwa, na kwa kuwa Kiborana ni tawi la lugha hiyohiyo, mtu wa Isiolo hahitaji mkalimani.

Somalia ilikuwa na jambo ambalo kusini tulilikosa: wanawake mbele ya maikrofoni. Magool na Maryan Mursal walikuwa wakuu, na Maryan aliitwa mwimbaji wa jazz bila yeyote kushangaa. Katika bendi zetu za dansi wanawake walikuwa wachache, kwa sababu ukumbi wa pombe na usiku ulionekana kuvunja heshima ya binti wa watu. Kulikuwa na Women Jazz ya Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na baadaye Kida Waziri aliyeimba na Hemed Maneti katika Vijana Jazz, lakini nguvu ya sauti ya kike ilibaki kwenye taarabu. Hilo ni pengo katika historia yetu, na halifai kufichwa.

Kinachoiunganisha milango hii mitatu ni ufundi uleule wenye majina tofauti. Waswahili husema fumbo. Waamhara husema nta na dhahabu: nta ni maana ya juu, dhahabu ni ile iliyofichwa ndani. Wasomali husema sarbeeb, usemi wa kuzunguka. Wimbo wa mapenzi kwa mwanamke unaweza kuwa wimbo wa kuililia nchi, na kila mtu ukumbini akajua isipokuwa mkaguzi.

Je, hii ni jazz?

Mpinzani mwenye elimu atasema: neno jazz kwenye majina ya bendi hizi lilikuwa pambo tu. Hakuna blues, hakuna swingi, na mwimbaji hazushi sauti kama Louis Armstrong alivyofanya mwaka 1926 katika “Heebie Jeebies”. Pingamizi hili lina ukweli. Kwa vijana wa 1932 neno hilo lilimaanisha usasa, na anayedai kwamba NUTA ilipiga muziki wa Harlem anapotosha. Lakini tukiuliza mwimbaji mkuu wa jazz ni nani, jibu halimo kwenye swingi peke yake. Billie Holiday hakuwa na sauti kubwa. Ukuu wake ulikuwa kuchelewesha neno hadi maana yake igeuke, na mwaka 1939 alipoimba “Strange Fruit” alitumia sura ya tunda mtini kusema habari za watu weusi walionyongwa. Hilo ni fumbo, tena fumbo kali. Ella Fitzgerald, alipozusha, alizusha kwa sauti; Gurumo na Maryan walizusha kwa maana. Ni jamaa wa ukoo mmoja, ingawa si mapacha.

Kimya, ufufuo, na pa kuanzia

Katika miaka ya 1980 kanda za wizi zilikausha mauzo ya Nairobi. Addis Ababa, amri za kutotoka nje usiku baada ya mapinduzi ya 1974 zilikuwa zimekwisha kuzima kumbi. Hargeisa ilipigwa mabomu mwaka 1988, na kanda za redio zikafukiwa ardhini ili zisiangamie. Mwaka 1991 Mogadishu ilianguka, na Maryan Mursal akakimbia na watoto wake hadi Djibouti, kisha Denmark. Ufufuo ulianza kwa wakusanyaji: mfululizo wa Éthiopiques kutoka Ufaransa tangu 1997, mfululizo wa Zanzibara, na mwaka 2017 “Sweet as Broken Dates” ya nyimbo za Wasomali, zilizotokana na kanda zilizookolewa.

Anayeanza leo na asikilize kwa utaratibu huu. Kwanza “Ella and Louis” ya 1956, ajue jazz ya Marekani inavyozungumza kwa upole. Kisha “Ngoma Iko Huku” ya Salum Abdallah, na nyimbo za Fundi Konde. Baada ya hapo “Shida” ya Mbaraka, “Sikinde” ya Mlimani Park na “Sina Makosa”. Aingie mlango wa kaskazini kwa Éthiopiques ya 7 ya Mahmoud Ahmed na ya 28 ya Ali Birra, na wa mashariki kwa “The Journey” ya Maryan Mursal ya mwaka 1998. Shabiki wa zamani, ambaye amekwisha kuchoka na Mbaraka, aanzie mwisho wa orodha na kurudi nyuma. Kila wimbo ausikilize mara mbili: mara ya kwanza kwa miguu, mara ya pili kwa masikio peke yake, akiuliza nani anasemwa.

Isiolo ina wasemaji wa lugha zote za orodha hiyo ya Afrika isipokuwa Kiamhara, na hata hicho kiko Moyale, kwenye lami hiyohiyo. Wapo wazee mjini wanaoyajua maneno ya nyimbo hizi na maana zilizofichwa ndani yake, maana ambazo hakuna santuri inayoziandika. Shule, redio za hapa na vijana wenye simu za kurekodi waende wawaulize sasa. Wimbo unaweza kubaki kwenye kanda miaka mia, lakini fumbo huzikwa na mtu wa mwisho anayelijua.